Mikono Iliyosomeshwa Bure

Nchi yetu ndiyo pekee chini ya jua ambako mtu anaingia chuo kikuu, anasoma mpaka anatosheka, anatoka na shahada yake kwapani, na hakuna alichotozwa. Bure kabisa. Nchi za jirani wazazi wanauza mashamba ili mtoto akajifunze kuandika barua ya kuomba kazi. Kwetu unaingia na mkoba wako, unatoka na joho, na mkoba wako unao vilevile. Majirani wakisikia hivyo wanashikwa na wivu mpaka wanaondoa mabalozi wao.

Atakayebisha nitampa kisa cha Salme. Nilikisimulia juzi kwenye foleni ya Wizara ya Elimu Halali, pale kwenye dirisha lenye kibao kinachosema "Tunarudi sasa hivi", ambacho kimening'inia muda mrefu hadi buibui wamekigeuza makazi. Watu wa foleni ile ni wasikilizaji wazuri, maana hawana pa kwenda. Nyuma yangu alikaa mzee mwenye kofia ya ukindu, na nyuma yake watu mpaka kwenye kona. Nakirudia hapa kama nilivyokisema, na sikukitia chumvi ila ile ya kukizuia kisioze.

*

Salme na mdogo wake Makame walikulia nyuma ya stendi ya zamani, kwa mama yao Bi Mize, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Makame alizaliwa kiziwi. Wakati huo shule ya viziwi ilikuwa kwenye mpango wa maendeleo, yaani haikuwepo. Basi watoto wale wakajitengenezea maneno yao wenyewe jikoni, kwa mikono, mama yao akiwa amewapa mgongo anakuna nazi.

Hakuna aliyewafundisha. Mvua ilikuwa kidole kikigonga paji la uso, kwa sababu paa lao lilivuja juu ya kitanda na tone la kwanza lilimdondokea Makame hapo. Mwenye nyumba alikuwa kidevu kilichoinuliwa na mkono unaopapasa mfuko. Salme mwenyewe alikuwa ndewe ya sikio ikivutwa, maana alipopelekwa kutobolewa masikio alitobolewa moja akakimbia, na la pili lipo hivyo hadi leo. Walikuwa na neno la harufu ya nguo inapokaribia kuungua, na neno hilohilo walilitumia kwa mtu anayekaribia kukasirika. Kila mwaka maneno yaliongezeka. Walipokuwa wakubwa waliweza kusengenya mtaa mzima kuanzia stendi hadi msikitini bila kurudia neno.

Makame alirithi pasi ya mkaa ya mama yake, na alikuwa mmbeya kuliko wote wenye masikio. Wateja walileta nguo wakakaa kusubiri si kwa sababu nguo zilichelewa, bali wasikie atasema nini. Alikuwa akikunjua shati, analinusa, analigeuza, kisha mikono inaanza, na Salme pembeni anatafsiri.

"Anasema shati hili limekwenda harusini," Salme alisema siku moja.

"Sikwenda harusi yoyote," mwenye shati akajibu.

"Anasema ndiyo maana anashangaa. Mkeo naye hakwenda, lakini shati limekwenda."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Makame hakusikia kicheko, lakini alikiona, na alikuwa akikiangalia hivi kama mtu anayeota moto.

*

Ndipo Mheshimiwa Waziri akaleta Sheria ya Elimu Halali. Hotuba yake tuliisikia wote, ilirudiwa redioni mpaka redio zikaanza kuitoa zenyewe hata zikizimwa.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "maarifa ni mali ya taifa. Mtu anayejua kitu na hakufundishwa, amekitoa wapi? Tujiulize. Bidhaa isiyopita bandarini tunaiita ya magendo. Na elimu isiyopita darasani tuiiteje? Mimi nimesoma mpaka ngazi ya mwisho, na naapa mbele yenu, hakuna kitu hata kimoja ninachokijua ambacho sikufundishwa."

Watu wakapiga makofi, maana hilo halikuwa na ubishi.

Tangu hapo elimu halali ikawa ile tu iliyopokelewa na mtu aliyekaa kwenye kiti kilichosajiliwa, mbele ya mhadhiri aliyesajiliwa, kwenye chumba chenye feni, hata kama feni haizunguki. Bwana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akiyajua majina ya ndege wote. Akapewa muda wa kuyasahau. Wakaguzi walipokuja, wakamwonyesha kunguru juu ya ukuta, akasema ni kuku, wakampongeza na kumwekea muhuri. Mama mwingine alikutwa akimbembeleza mtoto kwa wimbo aliojitungia. Mtoto alikuwa ameshalala, hivyo ushahidi haukuweza kukanushwa.

"Sasa mbona hatukuandamana?" mzee wa kofia ya ukindu aliniuliza hapo.

"Tuliandamana, mzee wangu," nikamwambia. "Tukaambiwa hakuna kati yetu mwenye stashahada ya kuandamana."

Foleni ikacheka. Nikaona mambo mazuri, nikaendelea.

*

Asubuhi moja Makame aliamka ameshika ubavu. Pasi ikapoa. Salme akampeleka hospitali kuu, na njia nzima Makame alikuwa akimweleza maumivu yenyewe: yalianzia kitovuni, yakatembea, sasa yamekaa upande wa kulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko njiani. Alikuwa amejikunja, kijasho kinamtoka, na bado analeta vichekesho.

Pale mapokezi alikaa karani mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Mgonjwa ajieleze," alisema.

"Ni kiziwi. Nitamsemea mimi."

"Shahada yako ya ukalimani?"

"Sina shahada. Huyu ni mdogo wangu. Maneno yake tumeyatunga pamoja."

Karani akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti kama mtu anayemwonea huruma mwizi. "Dada, usiyarudie hayo hapa. Mmeyatunga bila kibali?"

"Tulikuwa watoto."

"Basi mlianza mapema."

Daktari akatoka. Alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala amekaa. Salme akamweleza kila kitu: kitovu, kutembea, ubavu wa kulia, mgeni na chakula. Daktari akasikiliza hadi mwisho, tena kwa makini, kisha akatikisa kichwa.

"Nimekuelewa vizuri sana," alisema, "na ulichosema kina mantiki kabisa. Tatizo ni kwamba nimekielewa kwa magendo. Nikikiandika, kalamu yangu itakuwa imeshiriki."

"Lakini ni mdogo wangu, dokta. Nimemlea."

"Undugu si sifa ya kitaaluma, dada yangu."

Akawasindikiza mpaka mlangoni, na hapo, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akamnong'oneza Salme. "Safari hii huenda yakatulia yenyewe. Ila kwa jinsi ulivyoyaeleza, yatarudi. Yakirudi, uwe umeshasoma."

Yakatulia kweli, siku zile, bila kibali. Lakini Salme alikuwa ameshaamua. Hakuitaka shahada kwa ajili ya ofisi, wala gari, wala kuitwa msomi msibani. Alitaka jambo moja tu: siku ile itakapofika, asimame pembeni ya mdogo wake na asikilizwe.

Usiku wa kuamkia safari ya chuo hakulala, ila hilo ni lake. Asubuhi alimwambia Makame kwamba anakwenda kutafuta ruhusa ya kumsemea. Makame akauliza: ruhusa kutoka kwa nani? Salme akakwama. Hawakuwahi kuhitaji neno la serikali. Akatumia la mwenye nyumba.

Makame akapapasa mfuko wake, akauonyesha u mtupu, akacheka.

*

Getini mwa chuo Salme alimkuta Msajili, akamuuliza karo ni kiasi gani, naye Msajili akashtuka kana kwamba ametukanwa.

"Karo? Hapa hatuchukui kitu cha mtu. Unachotakiwa ni kuacha hapa getini kile unachokijua tayari."

"Chote?"

"Kile cha fani yako tu, hatuna tamaa. Anayesomea kilimo anaacha kilimo. Yule kwenye kiti pale amekuja kusomea hesabu, na bahati mbaya alikuwa ameshajifundisha mwenyewe nyumbani. Basi anasomewa jedwali la uongo. Siku atakayokubali kwamba saba mara nane ni kumi na tisa bila kupepesa macho, anaanza mwaka wa kwanza."

Salme akamtazama mtu wa hesabu. Chini ya kiti vidole vyake vilikuwa bado vinahesabu.

"Na mimi nitaachaje?" akauliza. "Ya kwangu yako mikononi."

Ndiyo maana wakamvalisha glavu. Zilikuwa za sufu, nene, kama za kushikia sufuria la moto, na hazina vidole. Fundi cherehani wa chuo alizishona kwenye vifundo vya mikono kwa uzi mwekundu, akagonga muhuri juu ya fundo. Uzi ukikatika, masomo yamekatika.

Profesa Ngwali, mkuu wa Kitivo cha Mikono, akampokea kwa maneno mazito. Profesa huyu alikuwa mtaalamu mkubwa kabisa wa lugha ya alama, na katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na kiziwi hata mmoja. Alikwepa kwa makusudi, ili asije akapendelea.

"Binti," alisema, "mkono uliojifunza wenyewe ni kiwanja kilichojengwa bila ramani. Hatuwezi kupandisha ghorofa juu ya vibanda. Kwanza tunabomoa. Utakula kwa msaada, utavaa kwa msaada, na wazo lolote likikujia mkononi utaliripoti, tulifute pamoja. Usiogope. Mimi mwenyewe nilivalishwa."

"Na ulisahau nini, Profesa?"

Profesa akafikiri muda mrefu, kwa uaminifu kabisa.

"Hilo ndilo linalothibitisha ubora wa njia hii," akasema.

Salme alijiambia moyoni kwamba hawa wataifunga mikono yake tu. Mkono utanyamaza, yeye hatanyamaza. Kila siku atajisemea maneno yao kichwani, kuanzia stendi hadi msikitini.

*

Likizo ya kwanza akaenda nyumbani na glavu zake.

Makame alimwona tangu kwenye kona, akatupa pasi juu ya kibao chake, akaja mbio huku mikono inasema mambo ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja: nani kaoa, nani kahama, shati la nani limekutwa wapi. Salme alielewa yote, tena alicheka mahali pa kucheka. Makame akamaliza, akasubiri zamu ya dada yake. Salme akainua glavu mbili.

Makame akazishika, akazigeuza, akaona uzi. Akaingia ndani, akatoka na mkasi. Salme akarudisha mikono nyuma, haraka, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Makame akabaki na mkasi wake. Halafu akatabasamu. Aliingia tena ndani, akatoka amevaa soksi mikononi, soksi za mteja, nyeusi za shule, akaanza kucheza nazo uani: soksi zinasalimiana, soksi zinagombana, soksi moja ni Waziri inahutubia. Bi Mize alicheka mpaka akakaa chini. Salme akacheka pia. Makame akawa anamtazama dada yake, anangoja zile glavu nazo zijibu kitu, chochote, hata upuuzi. Hazikujibu. Mkaguzi wa chuo, aliyefuatana naye kuulinda uzi, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anakunywa chai yao.

Makame akavua soksi moja, kisha nyingine, akazinyoosha vizuri, akazipiga pasi.

*

Baada ya hapo chuo kiliona likizo zinachelewesha usahaulifu, zikafutwa.

Salme akasoma. Alisoma Historia ya Mkono, Mkono katika Katiba, Nadharia ya Kidole Gumba sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili ambayo inaikanusha sehemu ya kwanza. Alama zilizofundishwa zilikuwa zimepitishwa na Baraza la Seneti, moja baada ya nyingine, kwa kura. "Maendeleo" ilipita bila kupingwa. "Mheshimiwa" ilikuwa na alama ishirini na mbili, kutegemea cheo. "Njaa" ilirudishwa ikaandikwe upya kwa lugha ya matumaini.

Mwanzoni kila siku alijipitishia kichwani maneno ya jikoni. Alianzia stendi, akafika msikitini. Kisha akawa anaishia sokoni. Kisha siku moja alilitafuta neno la mvua, na kulikuwa kunanyesha, akasimama dirishani akiangalia maji yanavyoteremka, na neno halikuja. Akajiambia ni uchovu.

Alikuwa akipiga simu nyumbani, glavu zote mbili zimeikumbatia simu.

"Makame hajambo, mama?"

"Yupo. Anapiga pasi."

"Wateja bado wanakaa?"

"Wakae wafanye nini? Wanaacha nguo, wanaondoka."

"Na yeye anasemaje?"

"Amsemeshe nani, mwanangu? Mimi najua 'njoo' na 'kula'. Siku nyingine anaanza kuniambia kitu, anaona uso wangu, anaacha. Anasema 'kula', anaingia ndani."

Mwaka wa mwisho uzi ukakatwa, kwa sherehe ndogo na soda. Mikono ya Salme ikatoka humo imekwajuka, laini, kama ya mtu aliyetolewa majini. Profesa Ngwali akaitazama, akafuta machozi.

"Mitupu," alisema. "Mitupu kabisa. Sasa tunaweza kuanza."

Na alifaulu, wallahi. Alikuwa wa kwanza darasani. Siku ya mahafali Mheshimiwa Waziri alimvalisha joho mwenyewe, akahutubia. "Serikali hii imehakikisha kwamba viziwi wanasikika. Kilichobaki sasa ni wao kujifunza wanachosema." Salme alisimama pembeni yake akaitafsiri hotuba nzima kwa mikono, kwa ufasaha mkubwa, na ukumbini hapakuwa na kiziwi hata mmoja wa kuvuruga shughuli.

*

Alifika nyumbani na joho lake. Makame alikuwa uani. Alimwona, akamjua, uso wote ukafunguka, akavuta hatua kuja kwake.

Salme akainua mikono, hatimaye mikono mitupu, isiyo na glavu, akamwamkia mdogo wake.

Makame akasimama palepale.

Mikono inayokwenda namna ile alikuwa ameiona mahali pamoja tu: kwenye kona ya televisheni, ndani ya kile kiduara cha mkalimani pembeni ya Waziri. Akaangalia joho. Akaangalia tena mikono. Taratibu uso ukajifunga, ukawa uso wa adabu, ule anaouvaa mtu kwenye dirisha la ofisi. Akajifuta viganja kwenye suruali, akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chake cha uraia, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili.

"Makame, ni Salme huyu," Bi Mize akasema, kana kwamba Makame angesikia. Akamgeukia binti yake. "Mwambie ni wewe."

"Nimemwambia, mama."

"Mwambie kama zamani."

Salme akakishika kile kitambulisho. Alikuwa akijua kwamba zamani alikuwa na jina, jina lake la jikoni, na kwamba lilikuwa jepesi, jambo la kugusa tu. Mkono ukapanda, ukatafuta shavuni, ukatafuta kwenye nywele, ukashuka.

Nisimseme vibaya Makame, alijitahidi sana. Alipoelewa kilichotokea hakukasirika. Akaanza kumfundisha dada yake upya, kama mtu anavyomfundisha mtoto, jikoni palepale, anamshika kidole kimoja kimoja na kukiweka mahali pake. Akionyesha chumvi, anaweka vidole vya Salme kwenye chumvi. Lakini akiviachia tu, vinaruka vyenyewe na kukaa alivyovipanga Profesa. Makame anavishika tena. Walifika kwenye chumvi, wakafika kwenye moto na maji. Kwenye mwili hawakufika.

Kwa sababu mgeni wa ubavuni alirudi.

*

Ilikuwa raha kuona Salme alivyopokelewa hospitali safari hii. Karani alisimama, miwani ikaanguka mpaka kwenye kamba yake. Wakapewa viti. Daktari ni yuleyule, sasa mtu mzima, akaiangalia shahada, akampa mkono.

"Hongera sana, msomi. Sasa tunaweza kuzungumza. Muulize yanauma wapi, yalianza lini, yanakwendaje."

Salme akainua mikono kuuliza. Alama ya "maumivu" ilikuwa bado iko Seneti. Kitivo cha Tiba na Kitivo cha Sheria walikuwa wakigombea ni ya nani. Akatumia iliyo karibu nayo, "changamoto".

Makame alikuwa amejikunja kitandani. Akamtazama dada yake, akauachia ubavu kwa taabu ili mikono iwe huru, akamjibu. Alijibu kwa urefu, ndugu zangu. Alisema yote. Mikono ilikwenda haraka, ikarudi, ikarudia polepole, ikagusa tumbo, ikagusa kifua, ikaelekeza juu, ikamwelekea Salme mwenyewe, ikasihi. Salme aliyaona maneno yakipita mbele yake moja moja, kama watu uliosoma nao zamani na majina yao yamekutoka.

"Anasemaje?" daktari akauliza, kalamu mkononi, tena kalamu halali.

Chumba kilikuwa kinamngoja yeye. Karani alikuwa mlangoni, anatazama shahada kwa heshima.

"Anasema hajambo," Salme akasema. "Anawashukuru kwa huduma."

Daktari akaandika.

*

"Na hajambo ni hajambo," nikawaambia watu wa foleni, nikipiga goti langu. "Makame karudi nyumbani mzima. Siku hizi anampigia pasi Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na joho la dada yake limetundikwa ukutani, na hawakulipa chochote. Sasa niambieni, nchi gani nyingine?"

Wengine walicheka. Mzee wa kofia ya ukindu hakucheka, alikuwa akiangalia nyuma. Nami nikageuka.

Kule nyuma mwanamke mmoja alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi, bahasha ya kaki kwapani. Nilikuwa sijamtazama hata mara moja asubuhi yote. Alikuwa na hereni kwenye sikio moja.

"Makame hampigii mtu pasi," alisema. "Makame tumemzika."

Mimi ni mtu wa maneno, siku zote huwa nina la kujibu, nikatafuta.

"Pole, dada," nikasema. "Mimi niliambiwa tu kwamba alirudi..."

"Uliambiwa na nani?"

Sikuwa na wa kumtaja.

"Lakini si alisema hajambo," nikasema. Sijui kwa nini nililing'ang'ania hilo.

"Hakusema hajambo. Hajambo nilisema mimi."

Akaketi tena, taratibu, akaiweka bahasha magotini. Mtu mmoja akamuuliza amekuja kufanya nini pale, akasema amekuja kuirudisha, ila amesikia dirisha la kurudishia halipo.

Mzee wa kofia ya ukindu akamsogelea. "Mwanangu," akamuuliza kwa upole, "sasa yeye alisema nini?"

Salme akainua mikono kutuonyesha. Aliikumbuka ilivyokwenda, ilionekana anaikumbuka. Ikapanda mpaka usawa wa kifua, ikasimama hapo hewani. Tukasubiri.

Dirisha likafunguliwa. Karani wa Wizara akatoa kichwa, akaita anayefuata, akaita tena.

Anayefuata nilikuwa mimi.